Jani Halali na Mgeni wa Serikali

Hapo kale, si kale sana, maana magazeti ya siku hizo bado yanafungiwa karanga, palikuwa na nchi yenye adabu kupita nchi zote. Jina lake halitajwi, kwa kuwa ni nchi ya haya na haipendi kusemwasemwa.

Adabu ya nchi hiyo iliandikwa kwenye Katiba. Inasimuliwa kwamba Baba wa Taifa, akiwa bado kijana, alialikwa karamuni, akala akashiba, kisha wenyeji wake wakamwacha aondoke peke yake. Njiani akatumbukia katika shimo la choo lililokuwa likichimbwa. Alipotolewa humo, alikuwa ameshapata maono ya taifa. Ndiyo maana Ibara ya Kwanza ya Katiba haizungumzii uhuru wala mipaka. Inasema hivi: Anayesema karibu ndiye mwenyeji; mgeni haondoki mpaka mwenyeji wake amsindikize; na aliyesindikizwa hadi mlangoni kwake, akiwa mwungwana, naye atamrudisha msindikizaji hadi nusu ya njia.

Kwa adabu hiyo, polisi wa nchi hiyo hawakuwa na pingu. Za nini? Koplo alisimama mlangoni pa kituo, akatabasamu, akasema, "Karibu," na mshukiwa, akiwa mtoto wa watu aliyelelewa akaleleka, aliingia mwenyewe. Gereza nalo halikuitwa gereza, neno hilo lina ukali. Liliitwa Nyumba ya Wageni wa Taifa.

Hivyo ndivyo alivyopotea Shomari, mume wa Bi Mashavu.

Shomari alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole mpaka kuku walimzoea. Nyuma ya nyumba, katikati ya mchicha, aliotesha miche michache ya bangi, ambayo watu wa nchi hiyo waliiita jani tu. Kila Ijumaa alasiri alisokota kidogo, akavuta, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa na kuwacheka kuku. Kuku hawakulalamika. Lakini siku moja Koplo Dunga alipita na kuuona msokoto nyuma ya sikio lake.

"Mzee Shomari," Koplo akamwambia kwa upole, "hebu twende tukaongee."

Wakaenda. Mlangoni pa kituo Koplo akasema, "Karibu." Shomari akavua viatu akaingia.

*

Miaka ikapita. Bi Mashavu alikaanga bagia barazani kwake, akamlea binti yao Mwanaidi, na kila juma akapeleka kikapu cha chakula kwenye ua wa Nyumba ya Wageni, ng'ambo ya bonde. Kisha ikaja habari ya kushangaza: jani limehalalishwa.

Aliyeitangaza ni Mheshimiwa Daktari Mhandisi Fungameza, Waziri wa Starehe Zilizoratibiwa. Alisimama jukwaani kwenye uwanja wa mpira, amevaa suti ya rangi ya jani lenyewe, akakohoa kama kiranja anayetaka bweni zima linyamaze.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo kila mtu yuko huru kujistarehesha. Serikali yenu imeona kwamba starehe zenu hazina mpango. Mnacheka ovyo. Mnalala ovyo. Mnasahau mambo ambayo hamjaruhusiwa kuyasahau. Sasa mtastarehe kwa utaratibu, na asiyestarehe kwa utaratibu atajuta kwa utaratibu."

Watu wakapiga makofi. Bi Mashavu alipiga kuliko wote, mpaka mafuta ya bagia yaliyokauka viganjani yakabanduka. Aliwaza jambo moja tu: kama jani ni halali, mume wangu anarudi, na Mwanaidi anayechumbiwa ataozwa na baba yake mwenyewe, si na ami yake anayesinzia.

Kisha Waziri akawasha msokoto wa uzinduzi, uliolimwa na wataalamu wa wizara katika vyungu vya ofisini. Akavuta mara moja. Macho yakamlegea, akaanza kusema ukweli. Alisema barabara ya kwao imejengwa mara nyingi kwenye karatasi. Alisema udaktari wake alizawadiwa na shemeji yake. Alikuwa ameanza kueleza habari ya mabati ya shule pale vipaza sauti vilipozimwa na bendi ikaamriwa ipige.

Siku ya pili serikali ikatoa tamko kwamba jani lile lilikuwa na kasoro ya kilimo. Likahitajika jani bora, jani linaloburudisha bila kufichua. Lakini nani anajua kulilima? Wataalamu wakachunguza nchi nzima wakagundua kwamba kila anayejua kulima jani zuri yuko Nyumba ya Wageni wa Taifa.

"Basi tumebahatika," akasema Waziri. "Wote wako mahali pamoja."

*

Duka la Taifa la Jani lilifunguliwa mkabala na baraza ya Bi Mashavu. Lilikuwa na dirisha dogo, na nyuma ya dirisha alikaa Koplo Dunga, ambaye serikali ilimwona anafaa kwa kuwa alishazoea kulishika jani. Foleni ilianza asubuhi na haikuwa ikipungua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiuziwa. Bi Mashavu aliwauzia bagia, nao walikula wakisubiri starehe.

"Umewahi kuvuta?" Koplo alimwuliza wa kwanza, seremala mmoja mnene.

"Sijawahi, afande."

"Basi huna uzoefu. Utajiumiza. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa amesikia. Akatoa kifua mbele. "Mimi nimevuta sana, afande. Mzoefu kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu ujana wangu."

"Kabla ya sheria?"

"Aa... naam."

Koplo akafungua mlango mdogo wa pembeni, akatabasamu. "Karibu."

Yule mtu akatazama huku na huku, akapangusa miguu, akaingia.

Bi Mashavu aligeuza bagia zake, akiziona zinaungua na mikono haitaki kuziepua. Alipopata nafasi akavuka barabara.

"Koplo Dunga."

"Naam, shemeji." Siku zote alimwita shemeji. Tangu alipomkaribisha Shomari kituoni alijiona ndugu wa familia, na kila sikukuu aliwaletea tende.

"Jani ni halali sasa. Mume wangu anatoka lini?"

Koplo akainamisha kichwa kama mtu aliyeulizwa habari za msiba. "Shemeji, mumeo si mfungwa tena. Ni Mtaalamu Mwalikwa. Shamba zima liko mikononi mwake. Juzi tu Waziri alivuta jani lake akacheka mchana kutwa bila kutamka neno la kweli hata moja. Sasa mtu kama huyo atamwachiaje?"

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anauliza, kuku wake wazima?"

*

Bi Mashavu alikuwa mwanamke mtulivu, lakini utulivu nao una kingo zake. Waziri alipokuja kukagua duka na kuwaruhusu wananchi kuuliza maswali, yeye akainuka kabla ya waliopangiwa kuuliza.

"Mheshimiwa, mume wangu alikaribishwa kwa ajili ya jani ambalo leo linauzwa hapa na aliyemkaribisha. Namwomba arudi."

"Swali zuri sana, mama," alisema Waziri, ambaye hakupata kusikia swali baya. "Lakini tuelewane. Jani alilovuta mumeo lilikuwa haramu siku ile, na litabaki haramu milele. Hili la leo ni jingine. Yanafanana kwa sura tu, kama mapacha ambao mmoja ni sheikh na mwingine ni mwizi wa kuku."

Watu wakacheka, maana walipangiwa kucheka. Bi Mashavu akangoja waishe.

"Basi sawa, Mheshimiwa. Ni mgeni wenu, na mgeni hafukuzwi. Lakini binti yake anaolewa. Hata mgeni, kwao pakiwa na shughuli, huaga. Na akiaga, Ibara ya Kwanza inasema nini?"

Waziri akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumlaumu. Kuvunja sheria nyingine zote lilikuwa jambo la kawaida katika kazi yake, lakini kukataa kumsindikiza mgeni mbele za watu ni kumtukana Baba wa Taifa na shimo lake.

"Inasema asindikizwe," akajibu hatimaye, kwa sauti ndogo. Kisha akajikusanya. "Na atasindikizwa. Kwa mujibu wa adabu zote."

Bi Mashavu alirudi nyumbani akipepea upande wa kanga kama bendera. Akafagia ua, akachinja mmoja wa kuku ambao Shomari alikuwa akiwacheka kwa zamu, akamwambia Mwanaidi, "Baba yako ndiye atakayekuoza."

*

Walifika alasiri, Shomari mbele na Koplo Dunga nyuma yake hatua chache, kama inavyompasa msindikizaji. Shomari alikuwa ameota mvi, na vidole vyake vilikuwa vya kijani mpaka kwenye kucha.

"Hodi," akaita mlangoni pake mwenyewe.

"Karibu," akaitikia Bi Mashavu, na machozi yakamtangulia.

Wakala. Shomari akamshika binti yake kichwa, akawatazama kuku waliosalia, akaketi kwenye kinu. Hakucheka bado, lakini mashavu yalikuwa yameanza kujiandaa. Jua likiegemea magharibi Koplo Dunga akainuka.

"Haya shemeji, mimi natangulia."

Shomari akainuka naye.

"Unakwenda wapi?" Bi Mashavu akauliza.

"Namrudisha Koplo nusu ya njia."

"Mwache arudi peke yake. Ni mtu mzima, ana kofia."

Shomari akamtazama mkewe kwa mshangao wa kweli. "Mashavu. Amenileta hadi mlangoni. Atanifikiriaje?"

Bi Mashavu hakumzuia, kwa sababu naye alikuwa binti wa watu, na ndani ya kifua chake kitu kilimwambia kwamba mumewe ana haki. Akawafungia bagia za njiani.

Mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia kwa watu wa kawaida. Watu wa kawaida wakisindikizana huagana kwenye jiwe, kwenye kisima, au popote pumzi zinapokatika, wakasema hapa ndipo nusu, wakageuka. Lakini Shomari alikuwa mgeni wa serikali, na nusu ya njia ya serikali haikadiriwi kwa pumzi. Inapimwa na wizara. Wizara ilikuwa haijapima.

Wakatembea, kila mmoja akiogopa kusema hapa ndipo, asije akampunja mwenzake adabu. Wakajikuta kwenye lango la Nyumba ya Wageni. Shomari akasimama nje, ameshika bagia. Koplo Dunga akasimama ndani, ameshika komeo. Wakatazamana.

"Karibu basi, hata maji," akasema Koplo.

Shomari akaingia, akanywa maji. Na alipomaliza akawa mgeni, na mgeni haondoki peke yake, kwa hiyo Koplo akavaa tena kofia.

*

Tangu siku hiyo wakawa watu wa njiani, na dirisha la duka akaachiwa koplo mwingine. Asubuhi Koplo alimleta Shomari nyumbani, mchana Shomari alimrudisha Koplo langoni, jioni Koplo alimleta Shomari tena. Wapita njia waliwazoea, wakawa wanawatumia kama saa.

Bi Mashavu alijaribu kila njia. Alimfuata Koplo Dunga bondeni, akatembea sambamba naye.

"Dunga, ndugu yangu. Akifika langoni kwako, usiseme karibu. Nyamaza tu."

"Shemeji, mtu amesimama mlangoni pangu, nimtazame tu kama ng'ombe?"

"Mara moja tu."

"Nitalala vipi?" Koplo akasema. Viatu vilikuwa vimemla visigino, lakini hakulalamika.

Bi Mashavu akaamua kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekaza moyo. Wakija, hataitikia, Koplo atageuka kwa aibu, na Shomari ataruka ua na kubaki. Akajifungia jikoni, akauma upindo wa kanga. Wakafika. "Hodi," ilisikika mlangoni, na kabla hajajua alilofanya, kanga ilikuwa imemdondoka na mdomo wake ulikuwa umeshasema, "Karibuni, piteni ndani, chai iko tayari." Akakaa chini kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akalia.

Akaiandikia wizara, akaomba nusu ya njia ipimwe. Ikaja tume yenye kamba ndefu na miwani myeusi. Tume ikapima kutoka kizingiti cha Bi Mashavu hadi uzio wa shamba la Nyumba ya Wageni, ikasherehekea, ikaenda kuchomeka kigingi katikati. Siku ya pili kigingi hakikuwa tena katikati, kwa sababu uzio ulikuwa umesogezwa mbele.

Ilikuwa hivi. Wananchi walikuwa bado hawauziwi jani, lakini wakaguzi wa ubora walilikagua kila siku, asubuhi na jioni, na wengine waliomba kulikagua wikendi kwa kujitolea. Kadiri lilivyokaguliwa ndivyo lilivyopungua, na kadiri lilivyopungua ndivyo shamba lilivyopanuliwa. Wataalamu Waalikwa nao waliongezeka, maana foleni ya dukani haikukosa watu wakweli. Uzio ukashuka bondeni, ukameza kigingi. Tume ikapima upya. Uzio ukasogea. Tume yenyewe, kwa kuwa ilipita shambani kila mara, ikaanza kukagua ubora, na baada ya hapo kamba yake haikunyooka tena.

Siku ya ndoa ya Mwanaidi ikafika baba yake akiwa njiani. Hawakuwa na la kufanya ila kuipeleka ndoa alipo. Sheikh alishika kitabu akatembea kinyumenyume mbele yao. Bwana harusi alitembea upande mmoja, akiinua kanzu isiguse matope. Shomari akatembea katikati, na Koplo Dunga nyuma, amebeba sinia la halua kwa heshima zote.

"Nimekuoza," Shomari akahema, "binti yangu Mwanaidi," akaruka dimbwi, "kwa mahari tuliyokubaliana."

"Nimekubali," akahema bwana harusi.

Bi Mashavu alipiga kigelegele. Kilitoka chembamba, kwa sababu walikuwa wanapanda mlima. Mwanaidi akachukuliwa kwa mumewe, mji wa pili. Baba yake hakuweza kumsindikiza. Alikuwa anamsindikiza Koplo.

*

Mvua zilipokatika, uzio ulikuwa umefika kwenye mchicha. Bi Mashavu alisimama ukumbini akiwatazama mafundi wakichimbia nguzo kuzunguka nyumba yake, wakimwomba radhi kila wanapopiga nyundo. Walipomaliza, nyumba, kinu, kuku na jiko la bagia vilikuwa upande wa ndani.

Jioni hiyo Shomari na Koplo Dunga walikuja kwa mwendo wa kawaida, wakafika kwenye kizingiti, wakasimama. Koplo akatazama uzio nyuma ya nyumba, akautazama na mbele, uso ukamng'aa.

"Njia imekwisha," akasema. "Mzee Shomari, tumefika. Sote."

Akavua viatu, akaingia, akageuka mlangoni. Na kwa kuwa kila kilichomo ndani ya uzio sasa mwenyeji wake alikuwa yeye, akamtazama Bi Mashavu aliyekuwa amesimama uani na ufagio, akatabasamu kwa furaha isiyo na hila.

"Karibu, shemeji."

"Ahsante," akajibu Bi Mashavu, na mguu ulikuwa umeshavuka kizingiti.

Alipozinduka aliketi kwenye mkeka wake mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Koplo, mimi naaga. Nisindikize."

"Kwa moyo mmoja, shemeji." Koplo akafika mpaka kwenye kofia, akasita. Akaona haya. "Nikusindikize wapi, lakini? Kwako ni hapa."

Bi Mashavu akamtazama mumewe. Shomari alikuwa ameketi kwenye kinu, na kuku wamemzunguka. Alisokota jani halali kwa vidole vya kijani, akavuta, akawatazama kuku muda mrefu. Hakucheka.

"Haliko kama la zamani," akasema.

Wakaishi hivyo. Bi Mashavu alikaanga bagia, ila sasa aliwakaangia wakaguzi. Koplo alichambua majani barazani, akisimulia habari za visigino vyake vilivyopona. Hakuna aliyewafungia mlango. Mlango ulikuwa wazi usiku na mchana, kama milango yote ya nchi hiyo.

Alasiri moja ya Ijumaa, hatua zikasikika nje ya uzio, nyepesi, za mtu anayekuja haraka kwa furaha. Zikasimama. Harufu ya halua mpya ikapita kati ya nguzo.

"Hodi," sauti ya Mwanaidi ikaita. "Hodi wenyewe. Nimewaletea habari njema."

Shomari akainua uso. Koplo Dunga akaweka jani chini, akajifuta mikono, akavuta pumzi, na mdomo wake ukaanza kufunguka kwa lile tabasamu lake.

Bi Mashavu akamtangulia.

"Hatupo," akasema.

Katika nchi ile hodi ilikuwa haijawahi kujibiwa kwa neno hilo. Koplo Dunga alibaki kinywa wazi, karibu yake imekwama humo kama mfupa wa samaki. Hata kuku walinyamaza.

"Mama?" Mwanaidi akaita. "Si ninakusikia?"

"Hatupo, mwanangu. Rudi kwako. Usiseme hodi tena hapa."

Kitu kikawekwa chini taratibu, nje ya uzio. Kisha hatua zikageuka, zikaanza kuondoka, nzito kidogo kuliko zilivyokuja, kama za mwenye mimba. Shomari aliinuka kwenye kinu, mguu mmoja mbele, kwa mazoea ya damu. Bi Mashavu akamshika shati, akalishikilia mpaka hatua ziliposhuka bondeni na hazikusikika tena.

Mwanaidi akaenda zake, bila mtu wa kumsindikiza.